Daraja la waenda kwa miguu la kijiji chetu: lipewe jina la nani, na kwa utaratibu upi?

Mkazi wa Bondeni (mwenye swali)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naandika kutoka kijiji kimoja cha bonde la Kilombero, upande wa Ulanga, ambako baada ya masika yaliyopita tulikabidhiwa daraja dogo la waenda kwa miguu juu ya kijito kinachomwaga maji yake katika mto mkubwa. Ni daraja la kamba za chuma na mbao, wanapita watu, baiskeli na, kwa wasiosikia la mtu, pikipiki. Kabla ya hapo, kwa miaka isiyopungua thelathini, watu walivushwa na mzee mmoja kwa mtumbwi wake wa gogo. Kiangazi tulivuka wenyewe, maji yakiwa magotini. Masika yakiingia hapakuwa na namna isipokuwa upondo wa mzee yule. Wanafunzi hakuwatoza kitu, na wajawazito aliwavusha hata usiku wa manane. Amefariki miaka minne iliyopita, kabla hata nguzo ya kwanza haijasimikwa.

Katika kikao cha kitongoji wazee walipendekeza daraja liitwe kwa jina lake. Wapo waliopinga wakisema jina linamstahili kiongozi aliyefuatilia fedha, na mfano wao ni daraja kubwa la Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018 na kuitwa Daraja la Magufuli. Kundi la tatu linataka litumike jina la kijiji tu, ili kuepusha ugomvi. Juu ya hayo, akina mama wameomba njia ya miguu itokayo darajani hadi zahanati, yapata mita mia sita, ipewe jina la mkunga wa jadi aliyeikanyaga usiku na mchana kabla zahanati haijajengwa. Mama huyo yu hai, naye amevuka miaka themanini.

Majina yao sikuyaandika kwa sababu familia bado hazijaulizwa. Ninaomba mnisaidie katika mambo mawili. Ni nani hasa mwenye mamlaka ya kutoa jina la daraja dogo kama hili? Na je, jina la mtu wa kawaida, asiyejulikana nje ya kata yake, litashika midomoni mwa watu au litabaki kwenye kibao mpaka kutu imalize kazi yake?

Mtendaji Mstaafu

Umefanya vema kutoyataja majina kabla ya kuwauliza wenyewe. Ungekuta watu wamegawanyika hapa jukwaani kabla hamjagawanyika kijijini. Nilikuwa mtendaji wa kijiji na baadaye wa kata, na mambo ya majina yaliwahi kunikosesha usingizi kuliko mambo ya michango.

Anza kwa kujua daraja ni la nani. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, na zile za wilaya, yaani za mijini na vijijini, tangu mwaka 2017 zimekuwa chini ya TARURA. Daraja la miguu lisilokuwa kwenye barabara iliyoorodheshwa linaweza kuwa limekabidhiwa kijiji chenyewe au halmashauri. Tafuta hati ya makabidhiano usome nani aliyesaini kupokea, kwa sababu yeye ndiye atakayedaiwa matengenezo, na ni adabu vilevile kumshirikisha katika jina.

Kikao cha kitongoji hakitoshi. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mamlaka ya juu kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hakikisheni ajenda ya jina imeandikwa kwenye tangazo la mkutano, isichomekwe mwishoni kwenye «mengineyo» wakati nusu ya watu wameshaondoka. Muhtasari uandike jina lililopendekezwa, sababu zake, waliopinga na hoja zao, kisha upelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye Baraza la Madiwani. Mnaweza kuona ni safari ndefu kwa kibao kimoja, lakini jina lisilo na muhtasari hufutwa na mtendaji wa kwanza atakayehamia hapo.

Jambo la pili linahusu ile njia ya zahanati. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, nchi nzima iliendesha operesheni ya Anwani za Makazi, na barabara na njia nyingi ambazo hazikuwahi kuwa na jina zilipewa jina na kusajiliwa. Kazi ile ilifanyika kwa kasi. Katika kata moja niliyoifahamu, kichochoro kilichopita makaburini kilisajiliwa kwa jina la duka la mwenyekiti, na wakazi waliligundua hilo siku nguzo ya anwani ilipochimbiwa. Kwa hiyo mwombe mtendaji wako aangalie kwenye mfumo: yawezekana njia hiyo tayari ina jina ambalo hamlijui, na kulibadilisha ni utaratibu tofauti na kulitoa kwa mara ya kwanza.

Fundi wa Madaraja

Shikamoo Mtendaji. Upande wa sheria umeumaliza, basi mimi nizungumzie kushika kwa jina, maana nimefanya kazi ya madaraja na nimeyaona majina yakizaliwa na kufa.

Dar es Salaam kuna daraja ambalo kila mtu analiita Salenda. Jina hilo lilitokana na Selander, mkurugenzi wa kazi za umma wakati wa utawala wa Waingereza Tanganyika. Wakoloni wameondoka, ulimi wa Kiswahili umelitengeneza jina upya, na abiria mia wanaopita pale hawatakupa hata mmoja anayejua Selander alikuwa nani. Lilipofunguliwa daraja jipya linalopita baharini kando yake, mwaka 2022, likapewa jina la jiwe, Tanzanite, na lile la zamani likaendelea kuwa Salenda.

Daraja la Kigamboni, lenye mita 680, lilizinduliwa Aprili 2016 kwa jina la Nyerere. Hakuna Mtanzania asiyemjua Nyerere, lakini mwambie bodaboda akupeleke Daraja la Nyerere, atafikiri kidogo, kisha atakuuliza, «Kigamboni?» Mwaka 2018, mwezi Septemba, barabara ya juu pale TAZARA ilipewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa wakati huo mtendaji mkuu wa TANROADS. Nakiri nilifurahi, kwa sababu ni nadra jina la mhandisi kuandikwa juu ya kazi ya uhandisi, wakati kila uzinduzi tunasimama nyuma ya umati tumevaa kofia za plastiki. Hata hivyo kondakta wa daladala bado anaita «TAZARA, TAZARA». Pale Ubungo nako, makutano ya ngazi yalizinduliwa tarehe 24 Februari 2021 kwa jina la Balozi Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki wiki moja tu kabla. Watu wengi wanalijua jina hilo, ila wakipanda gari wanasema wanashuka Ubungo.

Sasa yatazame majina ambayo hakuna baraza lililoyakalia kikao: Kwa Aziz Ali, Kwa Mtogole, Mwananyamala kwa Kopa. Hayo hayakuhitaji utepe wala mkasi. Kondakta halipwi kutunza kumbukumbu ya mtu. Yeye huita jina ambalo abiria ataitikia, na abiria huitikia jina alilolizoea kabla kituo hakijawekwa. Swali langu kwako ndugu Mkazi ni hili: watu wa kijijini kwenu hivi leo, wakielekezana njia, mahali hapo wanapaitaje? Wakiwa tayari wanasema «kwa fulani», basi jina mnalo, na mkutano mkuu utakuwa unatia muhuri tu. Wakiwa wanasema jina la kijito, mjiandae kwa kazi ya muda mrefu.

Lakini msidhani jina likishika mtu naye amekumbukwa. Barabara ya Shekilango inatajwa mara elfu kwa siku, na si wengi wanaofahamu kwamba Hussein Shekilango alikuwa waziri aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1980. Jina limekuwa la kituo, mtu ametoweka. Ndiyo maana nashauri kibao kiwe na mistari miwili: wa kwanza jina, wa pili alichokifanya na miaka aliyokifanya. «Aliwavusha watu hapa kwa mtumbwi» ni maneno machache, na mtoto wa darasa la tatu atayasoma akiwa anasubiri mwenzake.

Nyongeza ya kifundi, mniwie radhi: kibao kisifungwe kwenye kamba wala nguzo za daraja, na msitoboe chuma kwa ajili ya boliti za kibao, kwani kila tundu ni mlango wa kutu. Mbao nazo mtazibadilisha baada ya misimu kadhaa. Kisimamisheni ukingoni, juu ya alama ya mafuriko makubwa mnayoyakumbuka.

Binti wa Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimeyasoma yote, na ningependa kutia mizani kidogo, kwa kuwa huku kwetu majina ya barabara yameshaleta mambo.

Mwaka 2021 jijini Nairobi, mtaa wa Kileleshwa, barabara iliyokuwa ikiitwa Dik Dik ilipewa jina la Francis Atwoli, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, naye akiwa hai na yumo ofisini. Kibao kiling'olewa. Kikarudishwa, kikachomwa moto. Sisemi kwamba hakustahili. Nasema kwamba mtu aliye hai bado ana maneno ya kusema na makosa ya kufanya, na kibao husimama pale kikimpokelea lawama zote. Mkishampa jina kiongozi aliyefuatilia fedha, uchaguzi ujao daraja lenu litakuwa bango la kampeni kwa upande mmoja na la kurushiwa matope kwa upande wa pili.

Huku kwetu tumeona pia majina yakivuliwa. Nairobi, baada ya uhuru, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue na Hardinge Street ikawa Kimathi Street, na hakuna aliyelia. Mombasa Kilindini Road ikawa Moi Avenue, na Salim Road, iliyobeba jina la Liwali Salim bin Khalfan, ikawa Digo Road. Hiyo ya mwisho naipenda kuifikiria: jina la mtu mkubwa liliondolewa, likawekwa jina la watu, Wadigo, ambao hakuna mmoja anayeweza kulidai peke yake. Yule wa kundi lenu la tatu anayetaka jina la kijiji asionekane mwoga, ana hoja.

Linalonisumbua zaidi ni hili. Mwanamume amepewa daraja, ambalo mgeni akifika ataonyeshwa na kupigwa picha, na mwanamke amepewa kijia. Kazi zao zilikuwa moja: mzee alimvusha mjamzito, mama akampokea ng'ambo. Nyinyi Tanzania mna Barabara ya Bibi Titi Mohamed katikati ya jiji, mwanamke aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972, na leo magari yote ya mjini yanapita juu ya jina lake. Hakuwekwa uchochoroni.

Mwana wa Kibosho

Dada wa Kisauni, hapo kwenye kijia nakuunga mkono, ila kwenye walio hai tunatofautiana. Siku hizi vijana wanasema mtu apewe maua yake akiwa bado anaweza kuyanusa. Mhandisi Mfugale aliliona jina lake TAZARA kwa karibu miaka mitatu kabla ya kufariki Juni 2021, na sijasikia aliyeumia. Hatari anayoizungumzia dada ni ya wanasiasa. Bibi wa miaka themanini na zaidi hagombei udiwani.

Mimi natoka mlimani, Kilimanjaro, na kwetu habari ya kuita kazi ya umma kwa jina la mtu ni ya zamani kuliko halmashauri. Mifongo inayoleta maji kutoka korongoni hadi vihambani mara nyingi huitwa kwa jina la yule aliyeipima na kuichimba, au la ukoo wake. Aliyepima mfongo alikuwa mtu wa maana: hakuwa na darubini wala ramani, alifuata mteremko kwa jicho na kwa maji yenyewe, na kosa la shubiri chache lingeyarudisha maji nyuma. Jina lake lilibaki kwa sababu maji yalifika.

Lakini jina lile halikuja peke yake. Ukoo wa mwanzilishi ulikuwa na sauti katika mfongo: nani apewe zamu ya maji, kazi ya kuzibua itaanza lini, nani apigwe faini kwa kutokutokea. Kwa hiyo mimi jina la mtu kwenye kitu cha umma naliona kuwa lina uzito wa aina mbili, heshima na dai, na watu wanaopiga kura mkutanoni huwa wanaifikiria heshima tu. Miaka ishirini ijayo mjukuu wa mvushaji anaweza kusimama darajani akatoza pikipiki shilingi mia mia, akisema daraja ni la babu yake, kibao si kile pale. Nimeshuhudia jambo la namna hiyo kwenye banio la mfongo, na lilikwenda hadi baraza la kata.

Andikeni kwenye muhtasari, kwa sentensi moja isiyo na kona, kwamba jina ni la heshima na halimpi mtu yeyote haki ya ardhi, ada wala usimamizi.

Mtendaji Mstaafu

Hoja ya Mwana wa Kibosho ingeniponyoka, na ni ya kweli. Naongeza tu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama familia ya mzee bado inalima mpunga pale palipokuwa gati lake, mtu asije akaligeuza jina la daraja kuwa hati ya shamba, wala mwingine asije akalitumia kuwaondoa kwa fitina. Hayo yatenganisheni mapema.

Mkazi wa Bondeni (mwenye swali)

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikwenda kwanza kufanya mlichoniagiza. Ahsanteni sana.

Nimeiona hati ya makabidhiano: aliyesaini kupokea ni mwenyekiti wa kijiji, na mhandisi wa wilaya alisaini kama shahidi. Mtendaji wetu ameangalia kwenye mfumo wa anwani. Njia ya zahanati imesajiliwa kwa jina la kitongoji tu, na kwa kuwa vitongoji viwili vinaigusa, kila kimoja kilidhani jina ni lake.

Nilikwenda nyumbani kwa mjane wa mzee nikiwa na wazee wawili. Hakukataa, ila alituuliza tunakusudia kuandika jina gani. Tulipomtajia jina la kwenye kadi ya mpiga kura alicheka, akasema kwa jina hilo hata wajukuu hawatajua ni nani. Nikalikumbuka swali la Fundi. Ni kweli, sisi wote tukielekezana tunasema tunavukia «kwa» na lile jina la utani alilopewa na watoto wa shule kwa namna alivyokohoa kabla ya kusukuma mtumbwi. Mjane ameomba kibao kiandike hivyo hivyo, kianze na neno «Kwa», na neno «Daraja» lisiwekwe kabisa, kwa sababu, anasema, mzee hakuwahi kuwa na daraja. Mstari wa pili utaeleza mtumbwi na miaka. Wanawe wamekubali kusaini ile sentensi ya Mwana wa Kibosho, mmoja wao baada ya kuisoma mara tatu.

Kwa mama mkunga nilidhani ningepata kazi nyepesi. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba usiku hakupita njia ile peke yake. Walikuwa watatu, wenzake wawili wametangulia mbele ya haki, na mmoja wa hao alikuwa fundi kuliko yeye. Hataki jina lake lisimame bila ya yao. Tumekubaliana mapendekezo yatakayokwenda mkutanoni yawe «Njia ya Wakunga», na majina matatu yaandikwe chini kwa umri, mkubwa kwanza. Dada wa Kisauni, nilimweleza hoja yako kuhusu daraja na kijia. Akasema daraja lina hatua arobaini, njia ile ina mita mia sita, na yeye ndiye aliyeitembea, kwa hiyo anajua ipi kubwa.

Wanaotaka jina la kiongozi hawajanyamaza, na wana haki ya kusema mkutanoni. Tangazo limebandikwa, ajenda ya majina ni ya tatu, kabla ya mapato na matumizi. Kibao kitasimama ukingo wa upande wa zahanati, hatua kumi na mbili kutoka kwenye nguzo, juu ya alama ambayo wazee wanasema maji ya mwaka wa mvua za El Niño yalifika.